Kamera ndogo ya kwanza: pesa iende kwenye bodi au kwenye lenzi?

"Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, nafanya kazi stesheneri. Nilianza na picha za pasipoti kwa simu, sasa watu wananiita kwenye vipaimara, mahafali na sendofu. Picha za mchana wanazisifia. Za usiku ukumbini zinatoka na chenga, na mtu akicheza anakuwa kama moshi. Nimejikusanyia milioni moja na laki nane ninunue kamera ndogo isiyo na kioo. Kuna muuzaji ana tatu za mtumba: Sony a7 ya kwanza, bodi tupu (kamera bila lenzi), inayokomba karibu pesa yote, lakini anasema ni fulufremu kwa hiyo nikiichukua nimemaliza, Canon M50 na lenzi yake ya 15-45, na Sony a6000 na lenzi ya 16-50. Mwenzangu anayepiga harusi ananicheka, anasema kamera zisizo na kioo ni za kuchezea, nitafute DSLR. Mwingine anasema niangalie megapikseli tu. Nichukue ipi, na je, chenga zitaisha?"

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kuweka akiba kwanza na kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huniandikia wakiwa tayari wameshauziwa.

Swali lako limebeba maswali mawili. Moja umeliuliza wazi: kamera ipi kati ya hizo tatu. La pili umelipitia juujuu, nalo ndilo zito: kwa nini simu ileile inakupa heshima mchana na kukuaibisha usiku. Nitaanza na hilo la pili, maana tukilielewa, la kwanza litajibika bila kugombana na mtu. Ila niondoe kwanza vijiti viwili njiani, cha kioo na cha megapikseli.

Mwenzako anayekucheka hajakosea kila kitu, amechelewa tu kidogo. Kamera ya kioo, yaani DSLR, ina kioo kidogo kilicholala kwa pembe ya nyuzi 45 mbele ya kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga na kuugeuza picha. Mwanga ukipita kwenye lenzi unagonga kioo hicho, unaruka juu, unazungushwa mpaka unafika kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka, shata (pazia linalofunika kihisi) inafunguka, na ndipo kihisi kinapata zamu yake ya kuona. Ule mlio mzito unaowapendeza watu harusini ni kioo kikipanda na kushuka. Hauna uhusiano wowote na ubora wa picha. Kamera isiyo na kioo imeung'oa mtambo huo: mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye kihisi, na unachokiona kwenye skrini, au kwenye kitundu cha kuchungulia kama inacho, ndicho kihisi kinachokiona. Bodi ikapungua unene na uzito. Panasonic Lumix G1 ya 2008 ndiyo iliyofungua njia hiyo, Sony ikaingia 2010, na ilipofika 2018 Canon na Nikon nazo zikaleta fulufremu, yaani kamera zenye kihisi kikubwa, zisizo na kioo. Tangu 2020 kampuni hizo mbili hazijatoa DSLR mpya. Sasa kama hizo ni za kuchezea, basi dunia nzima inacheza.

Alipo na haki ni kwenye betri. Kamera ya kioo hula umeme kidogo sana wakati wewe unachungulia tu. Isiyo na kioo inawasha kihisi na skrini muda wote. Nikon D3500 ya 2018, DSLR ya bei ya chini, hupimwa kwa picha 1,550 kwa chaji moja. Canon M50 ya mwaka huohuo hupimwa kwa 235, na Sony a6000 kwa takriban 360. Kazini utapata zaidi ya hapo ukipiga mfululizo, ila usiende sendofu na betri moja. Lenzi kuukuu za DSLR nazo zimejaa mitaani na bei zake zimeshuka. Kwa hiyo mtu mwenye DSLR yake na lenzi nzuri hana sababu ya kuitupa. Wewe unayeanza na mikono mitupu, sikuoni ukihitaji kurudi huko.

Na kuna faida moja ya isiyo na kioo ambayo kwa anayejifunza inazidi zote. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kama kinamtazama bibi harusi au ukuta. Kazi yake ni kuchukua kila kilicho mbele yake na kukivuta kuelekea rangi ya kijivu ya wastani. Mpige bibi harusi mweusi wetu ndani ya shela jeupe lililojaa fremu nzima, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wake utazama gizani. Mpige bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera itaongeza mwanga na uso utachujuka. Dawa ni kile kitufe chenye alama ya jumlisha na toa: kwa shela unapanda hadi +1 au zaidi kidogo, kwa suti unashuka. Kwenye DSLR, ukichungulia kitunduni, hulioni kosa hilo mpaka uitazame picha ikiwa imeshapigwa. Kwenye kamera isiyo na kioo unauona uso ukififia au ukiangaza kabla hujabonyeza. Wanafunzi wangu walioanza na hizi walilielewa somo la mwanga ndani ya wiki mbili. Mimi na filamu yangu lilinichukua mwaka, na fedha za kusafishia.

Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, tuzimalize haraka. Wewe unachapa, kwa hiyo hesabu hii ni yako. Karatasi ya A4 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inataka picha ya nukta 2,480 kwa 3,508, kama megapikseli 8.7. Kamera zote tatu za muuzaji wako zina megapikseli 24 hivi, yaani nukta 6,000 kwa 4,000, zinazotosha chapa ya sentimita 50 kwa 33 bila kunyoosha chochote. Upande huo hakuna mshindi. Simu za siku hizi zinatangaza 50, 108, hata 200, na bado wewe unalia na chenga.

Chenga ni nini basi? Ni upungufu wa mwanga, hakuna kingine. Kihisi hukusanya mwanga kama mtu anavyokinga mvua. Mvua kubwa hata kikombe kinajaa, ndiyo maana mchana simu yako haina shida. Manyunyu yakija, mwenye beseni anapata kitu, mwenye kikombe anapata matone machache yasiyolingana. Kamera ikipokea matone hayo inayakuza kwa nguvu ili picha ionekane angavu, na ile namba ya ISO ndiyo kiasi cha kukuza. Ukikuza kidogo unachokuza ni picha. Ukikuza sana unakuza na takataka zake. Hizo takataka ndizo chenga. Na huyo mchezaji anayekuwa moshi ni kwa sababu simu, ikikosa mwanga, huacha kihisi wazi muda mrefu, au hupiga fremu kadhaa na kuzishonea pamoja. Ukuta unatulia, mama anayecheza na kitenge chake hatulii.

Ukitaka mwanga zaidi bila kuongeza taa una njia tatu: beseni kubwa zaidi, tundu kubwa zaidi la kuingizia, au muda mrefu zaidi. Muda umeshaona unakoishia. Zinabaki mbili, na hapa ndipo muuzaji wako anapokuuzia nusu ya ukweli.

Beseni ni kihisi. Fulufremu ni milimita 36 kwa 24. Kile cha a6000, kinachoitwa APS-C, ni milimita 23.5 kwa 15.6, cha M50 ni kidogo zaidi, 22.3 kwa 14.9. Zidisha mwenyewe: fulufremu ina eneo linalozidi la a6000 kwa kama mara mbili na theluthi. Simu nyingi za bei ya kati zina kihisi kidogo kuliko hicho cha APS-C kwa mara kumi na zaidi. Maana yake kutoka kwenye simu kwenda APS-C ni kuvuka mto; kutoka APS-C kwenda fulufremu ni kuruka mtaro.

Tundu ni lenzi. Namba ile ya f husemwa vibaya sana, watu wanadhani namba kubwa ni sifa. Ni zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, zikigawanywa kwa upana wa tundu lake. Lenzi ya milimita 50 ikiwa f/5.6 ina tundu la milimita 9 hivi, ikiwa f/1.8 tundu ni karibu milimita 28. Linganisha maeneo, siyo upana, utapata tofauti ya kama mara kumi. Mara kumi! Hiyo 16-50 ya a6000 inaanza na f/3.5 ukiwa umeipanua, lakini ukivuta kumsogeza mtu karibu inafika f/5.6. Hiyo 15-45 ya M50 inaishia f/6.3. Hizo ni lenzi za mchana: ni nyepesi, zinabeba familia nzima kwenye picha ya uani, na ukumbini zinapapasa.

Tuweke kwenye kazi. Ukumbi wa kawaida, taa za MC zimewashwa, unataka shata ya sehemu moja ya 100 ya sekunde ili anayeongea asitikisike. Chukulia kwamba kwa f/5.6 kamera inakuomba ISO 12800. Badilisha lenzi tu, weka ya f/1.8, bodi ileile, utashuka hadi karibu ISO 1250. Ukibaki na lenzi ya f/5.6 ukaibadilisha bodi iwe fulufremu, umepata mara mbili na kitu tu. Kwa maneno mengine, a6000 yenye lenzi ya f/1.8 itaipiga a7 yenye lenzi ya f/5.6 kila usiku wa Jumamosi. Na wewe a7 yako ingekuja bila lenzi yoyote, na pesa imekwisha. Ungekuwa na kamera nzuri sana ya kuweka kabatini.

Ndiyo maana huwaambia wanaoanza kwamba bodi ni mpangaji, lenzi ndiye mwenye nyumba. Bodi utaibadilisha baada ya miaka mitatu minne, lenzi utaendelea nazo, ilimradi mdomo wa kamera mpya, pale lenzi inapofungwa, uwe uleule. Kwa hiyo usiulize tu "kamera hii ikoje", uliza "ukoo wake wa lenzi uko hai, na nitazipata wapi".

Sasa tuziweke mezani.

Sony a7 ni ya 2013. Kihisi chake bado kinatoa picha nzuri, hilo silibishi. Fokasi yake, yaani uwezo wa kumlenga mtu atoke mkali, ni nzito gizani kwa viwango vya leo, na lenzi za fulufremu zenye tundu kubwa kwa kawaida ni nzito na ghali kuliko za APS-C. Kwa milioni moja na laki nane, iache.

Canon M50 ndiyo rafiki zaidi kwa anayeanza, nakiri. Skrini yake inageuka mpaka inakutazama wewe, inaguswa kama simu, menyu inaeleza mambo kwa lugha nyepesi, na ina tundu la maikrofoni, jambo ambalo mwenye kamera ya sherehe atalihitaji siku mtu atakapomwambia "turekodie na nasaha za wazazi". Video yake piga kwa 1080. Ile ya 4K inakata picha sana na kuidhoofisha fokasi. Kasoro yake kubwa ni ukoo. Mdomo wake unaitwa EF-M, na Canon imeufunga mlango huo ikahamia mdomo mpya wa RF. Lenzi za EF-M hazipandi kwenye kamera mpya za RF, hakuna adapta ya kukuokoa. Lakini zipo njia. Kwa adapta ya EF kwenda EF-M unaweza kufunga lenzi za DSLR za Canon na fokasi ikafanya kazi vizuri, na lenzi hizo baadaye zitapanda kwenye RF kwa adapta nyingine. EF 50 ya f/1.8 ni lenzi ndogo inayopatikana kwa wingi, na ukiipata safi imeshatatua nusu ya malalamiko yako. Kwenye M50, kwa udogo wa kihisi chake, itatazama kama milimita 80 kwenye fulufremu, yaani itamvuta mtu karibu: nzuri kwa uso wa bibi harusi, mbaya kwa sebule ndogo yenye watu kumi.

Sony a6000 ya 2014 ni kinyume chake. Haina skrini ya kugusa, skrini haigeuki kukutazama, haina tundu la maikrofoni, haina 4K, na menyu yake imepangwa kama droo la fundi cherehani. Lakini fokasi yake kwa umri wake bado ina mbio, na mdomo wake wa E uko hai tangu 2010: Sony wenyewe, Sigma, Tamron, Viltrox na wengine wanautengenezea lenzi, kuanzia za bei ya mwanzoni hadi za kununulia pikipiki. Utakayoinunua leo utaiweka kwenye a6400 au nyingine kesho bila adapta.

Ningekuwa wewe, kwa picha za mnato kwenye kumbi, ningechukua a6000 na kutafuta lenzi moja ya milimita 35 ya f/1.8, yenye fokasi ya kujiendesha. Kwenye kihisi hicho inatazama kama milimita 52, karibu na jicho la mtu aliyesimama hatua chache mbele yako. Kama unahisi moyo wako uko kwenye video, chukua M50 ukijua kwamba ukoo wake umefungwa. Sitakuficha kwamba hapo mizani inakaribiana, na mtu mwingine mwenye uzoefu kama wangu angeweza kuiegemeza upande wa pili.

Je, ya mpya dukani? Canon R50 ya 2023 ina mdomo wa RF ulio hai na fokasi inayomkamata mtu macho bila kubabaika. Lenzi inayokuja nayo, ya 18-45, inaishia f/6.3, kwa hiyo utarudi palepale: bodi mpya, giza lilelile, na pesa ya lenzi hakuna. Ukifikiria ndogo za video, chunguza kabla. Sony ZV-E10 haina kitundu cha kuchungulia, na dada yake mpya ZV-E10 II haina shata ya mitambo na haifanyi kazi na flashi. Kwa mtu wa kumbi hilo ni kosa la kununua mara moja tu.

Flashi nimeitaja, nayo inastahili neno. Flashi ndogo ya kupanda juu ya kamera, inayopinduka kutazama dari, inaweza kukufaa kuliko lenzi yoyote kwenye chumba chenye dari nyeupe ya chini. Mwanga unagonga dari, unashuka laini, sura zinapendeza. Kwenye kumbi zetu zenye paa la juu na vitambaa vya mapambo, mambo hubadilika: ukigongesha kwenye kitambaa cha zambarau, kamati nzima inatoka zambarau. Ndiyo maana nakushauri lenzi kwanza, flashi baadaye. Kwenye kununua, beba kamera uijaribu na flashi hiyohiyo, maana baadhi ya bodi ndogo mpya zimebadilisha pale flashi inapochomekwa.

Kwenye mgawanyo wa pesa, jitahidi bodi na lenzi yake visipite milioni moja na laki moja. Laki nne hadi tano weka kwa lenzi ya f/1.8. Kinachobaki ni betri mbili za akiba, memori kadi mbili, mkoba, na kisanduku nitakachokueleza. Kwenye kadi usibahatishe. Niliwahi kununua moja iliyoandikwa GB 128, bei tamu. Kumbe ndani ni ndogo mno, ikijaa inaandika picha mpya juu ya hewa. Harusi ile nilibaki na ndoa ya kanisani bila keki. Siku hizi kadi yoyote mpya naijaza kwanza yote kwa kompyuta, kisha nafungua mafaili ya mwisho kuona kama yapo kweli. Inachukua saa moja, fanya ukiwa unachapa kazi za watu.

Ukienda kukagua, nenda jioni, na ukiwa na kadi yako. Washa kamera na uangalie lugha kabla ya chochote. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi huja na menyu ya Kijapani pekee, na usitegemee fundi wa mtaani akubadilishie. Halafu weka f/16, elekeza kwenye ukuta mweupe au anga, usijali kama imetoka nje ya fokasi, piga, uikuze picha. Vidoti vyeusi vyenye kingo laini ni vumbi juu ya kihisi, kinasafishika. Mstari wa rangi ulionyooka kutoka juu hadi chini, au nukta kali zisizosogea, ni jambo jingine: huenda kihisi kimeharibika, pengine kimechomwa na leza ya madijei. Hizo taa za kijani zinazozunguka ukumbini zikiingia moja kwa moja kwenye lenzi zinaweza kuua kihisi kabisa. Kamera ya namna hiyo usiipokee hata kwa zawadi, na yako ukiinunua, leza zikiwashwa geuka pembeni.

Lenzi imulike na tochi ya simu kutoka nyuma. Vumbi moja mbili ndani si kitu. Nyuzinyuzi nyeupe kama buibui aliyetanda ni kuvu, na wewe uko pwani. Funga lenzi, itikise kidogo uone kama inacheza mdomoni. Betri itoe uilaze juu ya kioo cha meza: ikibembea, imevimba. Mwisho piga picha kumi za mtu anayetembea ndani ya duka, ukiwa na lenzi hiyohiyo. Muuzaji akikukatalia hilo, muage kwa heshima.

Jambo la taa linawasumbua wengi bila kulijua. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga video weka fremu 25 na shata ya 1/50. Kwenye picha, 1/100 hukuepusha na michirizi mingi. Shata ya kimya, ile ya kielektroniki, izime ukumbini. Inasoma picha mstari kwa mstari, na chini ya taa za LED utapata mbavu za pundamilia usoni kwa askofu.

Kuhusu kuvu: inapenda unyevu na giza, na mkoba wa kamera uliofungwa na kusahauliwa uvunguni ndiyo nyumba yake. Tafuta kontena la plastiki linalofunga bila kupitisha hewa, weka pakiti za silika, zile chembechembe za kunyonya unyevu, na kamera iishi humo. Zibadilishe au zikaushe zikichoka. Mchele usiweke, hunyonya unyevu kidogo na kuacha vumbi la wanga. Na usiianike kamera juani.

Kamera isiyo na kioo ina udhaifu hapa: ukitoa lenzi, kihisi kiko uchi. Izime, ielekeze mdomo chini, badilisha haraka, na usipulizie kwa mdomo, mate yana chumvi. Vumbi linalotoka kwa pampu ndogo ya hewa utalitoa mwenyewe. Doa lililoganda, kuvu ndani ya lenzi, au maji ya bahari yakiingia, toa betri papo hapo na mpelekee fundi wa kamera, siyo wa simu. Maji ya chumvi hayasubiri Jumatatu.

Chenga zitaisha? Hazitaisha zote. Zitapungua kiasi kwamba kwenye chapa ya inchi 4 kwa 6 hutaziona, na picha unayoichapa ndiyo mteja anayoilipia. Kama bado una wasiwasi, muulize mwenzako anayekucheka akukodishe kamera yake na lenzi ya f/1.8 kwa kipaimara kimoja, chapa picha kumi pale stesheneri, ulinganishe na za simu. Na ulizia kwanza bei ya hiyo lenzi ya 35 mjini Tanga na Dar, kabla hujashikana mkono na muuzaji wa bodi, maana ukishatoa pesa ya bodi nguvu ya kuongea inahamia kwake.